Mbuzi wa Mjomba Yuko Kwenye Kabichi Zangu

Thika
17 Februari 1957

Kwa ndugu yangu Mulei, Ruiru,

Pokea salamu za watu wote wa nyumba hii. Sisi wazima, isipokuwa Muthoka kifua kimemrudia. Anakohoa alfajiri mpaka majirani wanajua saa ya kuamka imefika, na bado anakwenda kiwanda cha ngozi kwa sababu mume wangu hasikii la mtu. Mvua hakuna. Kabichi zangu nazimwagilia kwa maji ya kuchota. Ndunge anakusalimu sana. Na mimi unaona mwenyewe ninaandika! Darasa la akina mama la kanisani limenifaa, ila mwalimu alitufundisha kwa Kiswahili tu, kwa hiyo utanisoma kwa Kiswahili kama mtu tuliyekutana naye sokoni. Usicheke.

Sasa nikueleze jambo lenyewe. Watu wa Kaleli, yule kijana wa reli anayemtaka Ndunge, walikuja wiki jana kutoka Matungulu. Wamemaliza kila kitu bila maneno mengi, watu wa heshima. Lililobaki ni mbuzi wa mjomba. Wameshamleta, nimemfunga nyuma ya jikoni. Wewe unajua mila yetu: mbuzi huyo hapokewi na mtu mwingine. Kaka wa mama anakuja, ananyoosha mkono wa kulia mbele ya wazee, anashika kamba, anasema ameridhika, basi. Bila hivyo wazee hawatoi siku, na bila siku mchungaji hatangazi ndoa. Kaka yangu ni mmoja tu, na huyo mmoja ni wewe, Mungu anisaidie.

La pili, Ndunge amesema siku yake kinanda cha kanisa hakitapigwa na mtu mwingine ila mjomba wake. Nilimwambia mjomba wako hajakaa kwenye kinanda tangu misheni. Akasema mjomba anajua vyote.

Vyote, ndiyo. Hilo ndilo linalonichosha. Ulianza na kinanda. Ukaenda jeshini ukaanza tarumbeta, tukasema sawa, tarumbeta. Ukarudi kutoka Burma na kodiani. Nikageuka kidogo, banjo. Halafu fidla, halafu gitaa, na watu wakawa wanakuja kutoka Yatta kukusikiliza, nikafikiri sasa ametulia. Juzi nasikia unapiga ngoma. Ngoma, Mulei! Mtu mzima mwenye mvi! Huwezi kushika kitu kimoja ukakimaliza?

Njoo upesi. Mbuzi ameanza kuangalia kabichi zangu.

Ni mimi dada yako,
Syokau


Ruiru
30 Machi 1957

Dada Syokau, mama Ndunge,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ni mzuri kuliko wa karani wetu. Hapa Ruiru sijambo. Kahawa imechanua, mashamba yananukia mpaka mtu anajisikia tajiri. Mpe pole Muthoka, mwambie anywe asali na ndimu aache ubishi. Samahani kwa kuchelewa, na samahani kwa mwandiko. Naandikia juu ya goti ndani ya lori la bendi, na dereva huyu anatafuta kila shimo.

Habari ya Ndunge imenifurahisha sana. Huyo Kaleli mwambie mjomba anamwangalia.

Lakini dada, wewe unaandika kama mimi ni mtoto aliyepotea njia ya kwenda kisimani. Hii ni kazi. Tangu nitoke misheni mpaka leo sijala chakula cha kazi nyingine. Wenzangu niliorudi nao kutoka vitani wamekuwa wapishi, madereva, walinzi wa milango ya Wahindi. Mimi mkono wangu haujashika jembe. Jumamosi tuko klabu ya wazungu wa kahawa, wanataka waltz, tunawapa waltz. Mwisho wa mwezi tuko kwenye landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi, pale mtu akikosea mdundo anarushiwa kiatu. Mkubwa wetu Wamalwa, anayepuliza saksafoni, ananiambia bila mimi bendi inalala. Kuhusu ngoma, bendi haina mtu wa ngoma, nimemsaidia. Hilo nalo ni kosa?

Sasa, mbuzi. Muthoka ni mtu mzima, si amshike tu kwa niaba yangu? Mimi nimeridhika, nimeandika hapa, wasomee wazee. Na kinanda, pale kanisani si kuna mwalimu wa shule anayejua kidogo? Mpeni kijana nafasi.

Kama ni lazima kabisa, nitakuja Jumatatu ya Pasaka.

Ndugu yako,
Mulei


Thika
29 Aprili 1957

Mulei,

Natumaini u mzima. Sisi tuko. Muthoka anakunywa asali yako na ndimu, na anakohoa vilevile. Mvua imekuja, yote kwa siku moja, imebeba mbegu za maharage mpaka kwa jirani. Ndunge amekonda. Alikuwa ameongezeka, sikukuambia, basi sasa ujue amekonda.

Jumatatu ya Pasaka nilipika chapati tangu asubuhi. Wazee walitoka Matungulu na viatu vyao mkononi kwa sababu ya matope. Mzee Mukonyo, baba mkubwa wa Kaleli, alikaa kwenye kile kiti cha kamba akaangalia barabara. Kila baiskeli ikipita wote tunasimama. Jua likageuka. Nikatoa chai tena. Mukonyo akaniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniua, "Mama, mjomba anamkatalia mtoto?" Nikasema hapana, yuko kazini. Akasema, "Kazi gani inafanywa Jumatatu ya Pasaka?" Nikasema muziki. Wakatazamana. Wee Mulei! Nilitaka ardhi inimeze na chapati zangu.

Nikawasomea barua yako, ile ya kuridhika. Wakasema karatasi haina mkono. Muthoka akasema yeye hawezi kushika mbuzi asiye wake, na hapo kwa mara ya kwanza mwaka huu nikakubaliana naye.

Ningekuja huko mwenyewe nikuvute sikio. Ruiru si mbali, nikipanda treni nafika kabla jasho halijanikauka. Lakini mama wa binti akienda kumbembeleza kaka yake, watu watasema kweli amekataa. Kwa hiyo nimekaa hapa na hasira yangu.

Wangeci, yule anayeuza vitunguu, akipewa kibali cha kusafiri anakuja soko la huko kwenu. Nilimtuma akutafute. Amesema alikuona, una afya, umenenepa hata, na ulimkimbia kama mwenye deni. Kwani wewe una nini?

Na huo mwandiko! Hata kama ni lori, lori gani hilo? Ulikuwa ukiandika vizuri mpaka bibi wa misheni akaonyesha wageni daftari lako. Sasa ni kama kuku aliyekanyaga wino akapita.

Mbuzi wako amezaa, watoto wawili, mmoja mweupe na mmoja wa madoa. Mstari wa kwanza wa kabichi umekwisha.

Syokau


Ruiru
6 Juni 1957

Dada,

Nimeipata barua. Mimi niko salama, na nyinyi muwe salama. Kwa Pasaka mniwie radhi, kazi ilikuja ghafla.

Nafasi sina. Kama wazee wamekazana namna hiyo, Ndunge na Kaleli waende kwa DC wakaandikishe ndoa, siku hizi watu wanafanya hivyo. Na tafadhali usinitumie Wangeci kunikagua kama askari.

Mbuzi na watoto wake wauze ukipenda.

Mulei


Thika
23 Juni 1957

Mulei,

Leo salamu zitakuwa fupi. Tuko hai.

Kwa DC! Mtoto pekee aliyenibakia kati ya niliowazaa, aende kusimama mbele ya meza ya serikali kama mtu anayetafuta kipande cha kazi, kwa sababu mjomba wake hana nafasi? Ndunge alisoma barua yako kabla yangu. Hakulia. Alikunja karatasi akaenda kuchota maji, na maji yalikuwa yamejaa nyumbani. Kaleli ni kijana mzuri lakini si jiwe, na mama yake ameanza kuuliza habari za binti mwingine huko Tala. Mpaka mavuno wakiona hakuna siku, wataondoa mbuzi wao, na huyo wa kwako watamwondoa kwanza. Hivyo ndivyo mambo yalivyo.

Sasa nitakuambia kitu ambacho sikukuambia maisha yangu yote, kwa sababu umeniudhi vya kutosha.

Unakumbuka kinanda cha misheni. Wewe ulikuwa mdogo, miguu haifiki kwenye pedali. Mimi ndiye niliyekaa chini sakafuni nikizisukuma kwa mikono, gauni likijaa vumbi, wewe juu unapiga, wazungu wanasema loo, mtoto huyu. Pumzi ya kile kinanda ilikuwa mimi. Siku moja nilimwomba bibi wa misheni nipande juu nijaribu kidogo. Akasema mikono ya wasichana ni ya kufulia. Nikarudi chini nikasukuma. Nyimbo zote ulizopiga nazijua kutoka chini, mpaka leo nikiosha vyombo vidole vyangu vinazitafuta ndani ya maji.

Kwa hiyo usiniulize kwa nini nakasirika ukibadilisha. Wewe ulipewa chombo baada ya chombo, ukiviacha kama mtu anayeonja sufuria za watu. Mimi sikupewa hata kimoja. Sasa nimekuomba kimoja tu, kwa siku moja, kwa mtoto wangu, na huna nafasi!

La mwisho. Nilimkalisha Wangeci chini nikamwuliza tena, pole pole. Amesema siku ile sokoni ulimsalimia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya koti, na jua lilikuwa kali. Mulei, Mwaitu mama yetu alikuchapa kwa mwiko kwa kosa hilo ulipokuwa hujang'oka meno ya utoto, na hukulirudia tena. Wewe huwezi kumpa mama wa watu mkono wa kushoto.

Na mbuzi anapokewa kwa mkono gani? Na kalamu inashikwa kwa mkono gani?

Mkono una nini? Nijibu hilo tu. Kama ni uongo mwingine, usiharibu stempu.

Dada yako,
Syokau


Ruiru
14 Agosti 1957

Dada yangu Syokau,

Salamu nyingi kwako, kwa Muthoka, na kwa Ndunge kwanza kabisa. Huku baridi ya Agosti haijatuacha, ukungu unakaa juu ya kahawa mpaka saa nne. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Mkono wa kushoto haupendi kuandika, na mwenyewe hapendi kusema.

Mwaka jana kabla ya Krismasi, klabu walipata piano mpya. Tulifika kupiga, mkubwa wa klabu akasema kwanza tuibebe kutoka barazani tuiingize ukumbini. Eti watu wa bendi tuna nguvu. Mimi nilishika upande wa mguu. Zulia likateleza. Mguu wa piano ukaja chini, ukaangukia mkono wangu wa kulia ukakaa juu yake na uzito wote. Daktari alifanya alivyoweza. Kidole gumba kinacheza kidogo. Vinne vimekunjika vikakaa hivyo hivyo, kama umeshika yai. Piano ile hatukuwahi kuruhusiwa kuipiga, dada. Kazi yetu ilikuwa kuibeba.

Wamalwa hakunifukuza. Ananifunga fimbo ya ngoma kwenye kiganja kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, napiga hivyo. Wazungu wanafikiri ni mtindo. Mwanzoni nilifikiri vidole vitafunguka nije na mkono wangu. Halafu Februari ikaja barua yako, na ndani yake nyoosha mkono wa kulia mbele ya wazee, na kinanda juu yake. Ningeunyoosha nini? Watu wa Matungulu wamekuja kuniona nikipiga gitaa mimi, Mulei. Mukonyo mwenyewe aliwahi kunirushia kofia yake.

Na kuhusu kuonja sufuria, umenikosea, nisikilize. Kinanda nilikiacha kwa sababu jeshi halina kinanda. Tarumbeta: wewe unakumbuka nilivyolilia kuchongwa meno ya mbele, ili nipendeze kama vijana wengine. Meno yaliyochongwa yanaoza mapema. Burma yakatoka yote mawili ya juu, moja baada ya lingine, na tarumbeta haipulizwi na ufizi. Nikachukua kodiani. Lile lori letu lilipopinduka njia ya Naivasha bega la kushoto likatoka, likarudi vibaya, kodiani ikawa nzito. Nikachukua banjo, na kutoka banjo gitaa. Sasa mkono. Kila nilipofika mahali pa kukaa, kiti kiliondolewa, nami nikatafuta kingine, kwa sababu kazi nyingine siijui na siitaki. Ulipokuwa unaniona nacheza, nilikuwa nakimbia.

Fidla, hiyo kweli niliichoka tu. Hapo ulikuwa na haki.

Hilo la kusukuma pedali sikulijua. Nilijua uko chini. Nilifikiri umependa.

Mwambie Ndunge unavyoona inafaa. Mimi aibu imenishinda.

Mulei


Thika
21 Agosti 1957

Mulei, mwana wa Mwaitu,

Salamu, salamu, salamu. Muthoka amepata nafuu. Sasa kaa chini.

Nimelia, nimemaliza, nimenawa uso. Baada ya hapo nimekasirika upya, na sasa nina hasira kuliko Pasaka. Karibu mwaka mzima! Umevunjika mkono ukanificha mimi! Ungekuwa umefungwa ningekuletea uji, ungekuwa umelewa ningekutukana nikakupa uji vilevile. Wewe unafungwa fimbo na Wamalwa, Mluhya wa watu, na dada unaye hapa stesheni chache tu. Nampa Wamalwa heshima zangu, lakini wewe ningekuwa karibu ningekupiga kwa kofi, upande wa bega zuri.

Na akili yako ilikwenda wapi? Wewe umekaa huko unawaza Mukonyo anataka mkono wa gitaa. Mukonyo anataka mkono wa mjomba! Mila haikusema vidole vifunguke. Inasema uwe wako, na uwe umetoka tumbo moja na mama wa binti. Mkono huo umekatika? Haujakatika. Basi ulete ulivyo. Kamba utatundikiwa, nitaipitisha mwenyewe katikati ya hivyo vidole vya kushika yai, na mtu akitaka kucheka acheke nimwone.

Nimemwambia Ndunge. Akasema, "Kwani mjomba alifikiri ninachopenda ni gitaa?"

Jumapili ya kwanza ya Septemba. Nimeshawaambia wazee. Usipokuja nitakuja na mbuzi, na watoto wake, na Mukonyo, tuingie hapo klabu wakati wa waltz.

Kinanda tutaongea ukifika. Nina wazo, na hutalipenda.

Syokau


Ruiru
12 Oktoba 1957

Dada Syokau,

Nawasalimu nyote. Mimi mzima, mkono unauma wakati wa baridi, tumezoeana.

Bado nakumbuka siku ile ya kumpokea mbuzi. Ulinibana vidole na kamba mpaka machozi yakanitoka, wazee wakafikiri ni furaha ya harusi. Na Mukonyo aliponiuliza kama ni ajali ya lori, ulijibu kabla sijafungua mdomo, "Ni piano," kama mtu anayetaja jina la simba. Alinipa kofia yake ile ile. Nimeivaa ninapoandika.

Sasa wazo lako. Nilisema silipendi, na bado silipendi. Watu wawili kwenye kinanda kimoja, mimi mkono wa kushoto na miguu, wewe wa kulia. Wewe hujawahi kukaa juu! Mama wa bibi harusi anakaa mbele na kofia, hakai kwenye kinanda akitoa jasho. Hata Muthoka amesema. Lakini nimefundisha askari wa vichwa vigumu kupuliza tarumbeta, kwa hiyo tujaribu.

Jumamosi niliyokuja tukaanza pale kanisani kwenu ilikuwa mbaya. Unapiga kama unakanda unga. Kile kinanda ni kizee, ukikigonga kinapiga kelele, ukikigusa kinaimba. Halafu unakimbia! Mstari wa pili unafika kwenye amina mimi bado niko mlangoni. Nyuma ya karatasi hii nimekuandikia do-re-mi ya wimbo wa kuingia na namba za vidole. Namba moja ni gumba, namba tano ni kidogo. Fanya juu ya meza kila siku, polepole, ukihesabu kwa sauti. Usiseme umeosha vyombo ukadhani ni mazoezi.

Lakini nikuambie kitu. Ile sehemu ya mwisho, pale ambapo sauti inashuka, hujakosea hata mara moja, na mtu hakukuonyesha. Nilikuangalia. Sikusema siku ile kwa sababu ungevimba kichwa.

Novemba nitakuja tena. Meza iwe safi.

Mulei


Thika
3 Novemba 1957

Mulei,

Salamu. Wote wazima. Mbuzi mweupe mdogo amekula nusu ya ile karatasi yako, upande wa do-re-mi. Nishaijua kwa kichwa, kwa hiyo usipoteze wino.

Sikandi unga. Wewe mkono wako wa kushoto unaburuta kama jembe. Mwalimu gani anamlaumu mwanafunzi na yeye anachelewa kila mstari?

Muthoka sasa anakohoa kwa mdundo. Amesema akisikia wimbo ule tena atahamia kwa jirani. Nimemwambia aende.

Ndunge ameshona gauni lake. Usisahau kunyoa.

Syokau


Ruiru
5 Januari 1958

Dada yangu Syokau,

Mwaka mpya umetukuta salama, na nyumba ya Kaleli naisikia imeanza vizuri. Muthoka nilimwona amecheza mpaka kikohozi kikamwogopa.

Siku ya harusi ulikosea katika ubeti wa tatu. Uliweka kidole namba mbili mahali pa namba tatu, ukateleza, na nikakufunika kwa mkono wangu wa kushoto, huo huo wa jembe. Hakuna mtu aliyejua ila mimi. Na ulikimbia tena Ndunge alipoingia mlangoni. Hilo nimekusamehe, kwa sababu hata mimi nilitaka kukimbia.

Lakini kuna jambo hukuliona. Ulikuwa umeshatoka nje kumfuata binti, na vigelegele vilikuwa vingi. Mchungaji alisimama akasema, tunamshukuru Bwana Mulei, mwanamuziki wetu maarufu, kwa kinanda kile kizuri. Watu wakapiga makofi. Dada, nimepigiwa makofi maisha yangu yote na sijawahi kuyakataa. Siku ile nilisimama nikauinua mkono wa kulia, juu kabisa, kila mtu auone. Nikasema, "Mkono huu haukupiga kitu leo. Sauti mliyokuwa mkiifuata ni ya Syokau, na ndiye aliyekisukuma kinanda cha misheni nilipokuwa mdogo, mkanisifu mimi." Watu wakageuka kukutafuta. Halafu Mukonyo akaanza kupiga makofi peke yake, wakamfuata. Hukusikia kwa sababu ulikuwa unagombana na watu wa lori.

Nimekuandikia ili ujue.

Sasa, Wamalwa alikuwa amekaa nyuma kabisa siku ile. Amenisumbua tangu Krismasi. Kuna harusi Gitothua, kanisa lina kinanda na halina mtu. Amesema atachukua mkono wa kushoto anaoujua, kama na ule wa kulia unapatikana. Nikamwambia huo una mume, shamba na ulimi mkali. Akasema ulizia tu. Basi, nimeulizia.

Watoto wa mbuzi ni wako, usibishane. Na mama yao pia, mimi hapa nitamfunga wapi, kwenye ngoma?

Ndugu yako,
Mulei


Thika
9 Januari 1958

Mulei,

Salamu kutoka kwa wote.

Mwambie huyo Wamalwa mimi ni mke wa mtu, nina mume mgonjwa wa kifua, nina mbuzi watatu sasa na kabichi ambazo hazikupona, na darasa langu la akina mama linaanza wiki ijayo. Mimi si mtu wa kuzungushwa kwenye malori na bendi, umri huu. Na ubeti wa tatu sikukosea, ni kinanda kilichokwama. Mambo gani haya ya kumsumbua mtu nyumbani kwake? Nyinyi watu wa muziki hamna haya hata kidogo.

Jumamosi ipi?

Syokau